Gari la Marehemu Baba na Deni la Maji ya Chumvi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo, nasi tukaikariri kama tulivyokariri mengine mengi, pasipo kuitia moyoni. Mimi maana yake nimeipata ukubwani, na aliyenisomesha ni injini ya gari.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z la marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wa makamo wa Mombasa hawahitaji kuelezwa gari hilo. Ni lile la milango miwili, lenye pua ndefu na mgongo ulioinama kama wa nguru, ambalo likipita Barabara ya Digo watoto huacha mpira wao wakasimama kulitazama.

Kwa vijana nitasema machache. Nissan ililitoa gari hili Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika nchi za nje likajulikana kama Datsun 240Z. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa ndani yake, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta kwa gari la namna hiyo hiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, pamoja na Lofty Drews. Mwaka huo alilingana alama na Harry Källström, ikabidi kanuni za mashindano zitumike kumpambanua mshindi. Mehta alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, kutoka 1979 hadi 1982, kwa Datsun za aina nyingine.

Baba alikuwa karani wa bandarini, hakuwa mtu wa mashindano. Lakini alipopata nafasi ya kulinunua gari hilo mwaka 1978, kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, alitoa akiba yake yote, na mama hakumsemesha siku tatu. Hadithi hiyo mama huisimulia hadi leo, naye hucheka.

SAFARI YA VOI

Baba alifariki mwaka 2021. Alituacha wanne: mama, ndugu yangu mkubwa, mimi, na dada yetu kitinda mimba. Mirathi ya nyumba tuliimaliza kwa amani. Mama alipata thumni yake, na iliyobaki ikagawanywa baina yetu watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Gari tu ndilo tuliloliacha uani chini ya turubai, kila mtu akisema, "Tutaliangalia baadaye." Hiyo "baadaye" ndiyo iliyoniponza.

Alitokea bwana mmoja kutoka bara, mpenzi wa magari ya kale, akataka kulinunua. Magari haya yana wenyewe siku hizi, kwa kuwa tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na mara kadhaa yameanzia au kumalizikia huku kwetu pwani. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Ndugu yangu alitaka tuuze, dada akasema tungoje, na mama akanyamaza.

Wiki ile ile nilialikwa arusi Voi. Nafsi ikanishawishi niende na gari la baba, walau mara moja kabla halijapata mwenyewe mwingine. Sikumwambia mtu. Alfajiri nilitoa turubai, nikatazama oili, nikafungua rejeta nikaona maji yamepungua. Mfereji siku hiyo ulikuwa mkavu. Nikateka ndoo ya maji ya kisima cha uani, nikajaza, nikaondoka.

Wenyeji wa Mji wa Kale wanayajua maji ya visima vyetu. Ni maji ya kufulia na kuoshea vyombo, na ukiyaonja ulimi unakwambia bahari haiko mbali. Baba hakuyatia garini hata siku moja. Yeye alikinga maji ya mvua wakati wa masika, akayaweka katika madumu, na madumu hayo yalikuwa pale pale nyuma ya mlango. Nilikuwa na haraka, sikuyatazama.

Nilipofika mlima wa Mazeras nilikwama nyuma ya malori ya makontena yaliyokuwa yakipanda polepole kama kobe. Ndani ya 240Z kuna saa moja yenye mishale miwili, mmoja wa joto la maji na wa pili wa nguvu ya oili. Niliuona mshale wa joto ukipanda. Nikajiambia, nikifika Mariakani nitapumzika. Sikufika. Mvuke ulitoka chini ya boneti kama wa sufuria ya pilau iliyofunuliwa, injini ikagonga mara mbili, ikazima. Nilirudi mjini nikiwa nyuma ya lori la kuvuta, na macho ya watu yote juu yangu.

DHAMANA NI YA NANI?

Jioni ile tulikaa barazani. Yule bwana wa bara aliposikia habari, aliteremsha bei yake hadi nusu. Ndugu yangu alikasirika, na haki alikuwa nayo. "Hili gari si lako peke yako," aliniambia. "Umelichemsha wewe, ulilipe wewe."

Tulikwenda kwa maalim wetu aliyetusomesha utotoni. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, kosa la kwanza ni lenu nyote, kwa kuiacha mali ya marehemu bila kuigawa. Ama hili la pili, mshirika akitumia kitu cha shirika bila idhini ya wenzake kikaharibika mkononi mwake, dhamana ni juu yake. Mwenzenu atengeneze kilichoharibika. Lakini msimtwike na uchakavu ambao alioukuta."

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuja kuwa msingi wa mipango yetu yote. Gari lina umri wa zaidi ya miaka hamsini. Ukiifungua injini ya umri huo, kila kitu kinataka kubadilishwa. Ni kipi nilichokiharibu mimi, na ni kipi kilichochakaa kwa miaka? Ilibidi tujue kabla ya kushika spana.

FUNDI AKATAA KUFUNGUA

Fundi wa baba sasa ni mzee wa miaka sabini na ushei. Alianza kazi akiwa kijana, akitengeneza teksi za Datsun 1600, na mwenyewe hupenda kusema kwamba anayeijua injini ya teksi ile anaijua na hii. Anayosema ni kweli. Injini hizi ni za ukoo mmoja. Ile ya teksi ina silinda nne na hii ina sita, lakini upana wa silinda ni milimita 83 kwa zote mbili, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7. Ongeza silinda mbili juu ya zile nne, utapata ujazo wa hii yetu, sentimita 2,393.

Mimi nilidhani atafika, atafungua, atatuambia bei. Alikataa. "Mwanangu," aliniambia, "daktari hapasui tumbo kwa kuwa mgonjwa amesema linauma. Kwanza tupime."

Alichomoa kijiti cha oili akanionyesha. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. "Maji yameingia," alisema. Kisha akatoa plagi zote sita, akafunga kipimo cha mgandamizo katika kila tundu, nami nikawa nazungusha ufunguo. Dada yangu alikaa juu ya kigoda akiandika. Silinda ya kwanza ilitoa pauni 160, ya pili 158, ya tatu 162, ya nne 155. Ya tano ikatoa 90, na ya sita 85.

Mzee akatia kijiko cha oili katika hizo mbili za mwisho, akapima tena. Hazikupanda. Akatabasamu, nami nikashangaa mtu anatabasamia nini. Alinieleza hivi. Kama ringi za pistoni zimelika, oili ile huziba nafasi kwa muda na kipimo hupanda. Kisipopanda, ubaya uko juu, ama kwenye valvu ama kwenye gasketi ya hedi. Na zikidhoofika silinda mbili zilizo jirani kwa mara moja, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi, imeungua katika ukuta unaozitenga. "Chini kuko salama," alisema. "Zile nne za mbele zimeshuka kidogo kuliko zilipokuwa mpya, huo ni uzee. Hizi mbili za nyuma, hizo ni zako."

Basi hapo pakapatikana mpaka wa deni langu, kwa namba, na kila mtu akauona.

MAJI NA ALUMINI

Nilimwuliza mzee, ndoo moja ya maji imefanyaje yote haya? Akanijibu kwamba ndoo ile haikuwa peke yake. Kwa miaka miwili chini ya turubai, uchafu ulikuwa umetulia katika mishipa ya rejeta. Maji yangu ya chumvi yalikuja kuutibua, na palipokuwa pembamba pakaziba.

Sehemu ya chini ya injini hii ni chuma cha kalibu, na hedi yake ni alumini. Madini hayo mawili yakikutanishwa na maji ya chumvi, alumini huliwa. Tena alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma. Injini ikichemka, hedi hutaka kutanuka nayo imefungwa kwa bolti pande zote, basi hujikunja katikati. Ikipoa hairudi ilivyokuwa. Gasketi iliyo chini yake ndipo hupata upenyo na kuungua.

Kwa hiyo mzee alitupangia kazi kwa utaratibu ambao mimi nisingeuwaza. Rejeta ingesafishwa na kupimwa kwanza, kabla ya hedi kuguswa. Thamostati, mipira ya maji na pampu yake vingefuata. "Ukitengeneza hedi ukaacha rejeta," alisema, "umemtibu mtu homa ukamrudisha kulala penye mbu." Pili, vipuri vyote vipatikane kabla ya kufungua, maana injini iliyofunguliwa ikikaa uani kwa miezi, hewa ya bahari huingia kutu katika kuta za silinda. Gasketi za seti nzima tuliziagiza nje ya nchi. Tatu ndipo hedi itolewe.

Hapo ndugu yangu alitaka haraka. Alikuwa amemwona mkereza mmoja aliyekubali kuisaga hedi siku hiyo hiyo, uso wake unyooke, ifungwe, gari liuzwe. Kwa kweli nami nilivutwa na neno hilo. Nilitaka deni liniondokee shingoni.

DAFTARI LA BABA

Dada yetu ndiye aliyetuokoa. Aliinuka akaingia ndani, akarudi na daftari la baba lenye jalada jekundu. Baba aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wengi, na kwa mwandiko wa haraka ambao mimi na ndugu yangu hatuuwezi vizuri. Dada, ambaye husomesha chuoni, huusoma kama gazeti.

Alitusomea tangu mwanzo. Kila oili iliyobadilishwa ilikuwamo, na maili zake. Nafasi za valvu zilikuwamo: elfu nane za inchi upande wa kuvuta na elfu kumi upande wa kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Palikuwa na mpangilio wa kuwaka kwa silinda, 1, 5, 3, 6, 2, 4, umezungushiwa duara. Kisha akafika ukurasa wa mwaka 1994, akasita, akausoma mara mbili. Baba aliandika kwamba hedi ilisagwa mwaka huo, baada ya kuvuja, na kwamba mkereza alimwonya isisagwe tena bila kupimwa.

Tulinyamaza sote. Mzee fundi alikuwa amesafiri Dar es Salaam mwaka huo, kazi hiyo aliifanya mtu mwingine, naye hakuwa na habari nayo.

Msomaji ataniuliza, hedi ikisagwa mara mbili kuna nini? Kuna mengi. Kemshafti ya injini hii imelala juu ya hedi yenyewe, nayo huzungushwa na mnyororo unaotoka chini. Kila hedi inapopunguzwa, juu na chini husogeleana, mnyororo hulegea, na valvu hufunguka kwa kuchelewa. Kidogo huvumilika, kwani gurudumu la meno la juu lina matundu matatu ya kurekebishia. Ikizidi, hapana budi kuinua nguzo za kemshafti kwa vipande vyembamba vya bati la kipimo. Tena hedi iliyojikunja hujikunja pamoja na nguzo hizo. Ukisaga uso wa chini peke yake, kemshafti hubaki imebanwa juu, nayo yaweza kukatika.

Kama tungalimfuata mkereza yule wa siku moja, hedi ingekuwa si kitu tena, na deni langu lingekuwa mara mbili. Ndugu yangu aliliangalia lile daftari kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, tufanye kwa utaratibu wa mzee." Tangu siku hiyo hakunisimanga tena.

KIPANDE CHA MBAO

Siku ya kutoa hedi, mzee alikuja na kipande cha mbao alichokichonga kama kabari ndefu. Nilidhani ni cha kuegemezea kitu. Kumbe ndicho kilichokuwa roho ya kazi yote. Hedi ya injini hii haiwezi kutoka mpaka gurudumu la juu livuliwe mnyororo, na mnyororo ukilegezwa, kikazio chake huruka kutoka mahali pake chini kabisa. Kikiruka, ni lazima ufungue uso wote wa mbele wa injini ili kukirudisha, kazi ya siku mbili tatu. Kabari ile hushindiliwa baina ya pande mbili za mnyororo, ikauzuia pale pale. "Mbao ya bure," alisema mzee, "inalinda kazi ya maelfu."

Bolti zilitoka moja moja, za nchani kwanza, mwisho za katikati, na alituambia kwamba katika kufunga itakuwa kinyume chake, kuanzia katikati na kwa awamu. Hedi ilipoinuliwa, gasketi baina ya silinda ya tano na ya sita ilikuwa imeungua nyeusi, kama alivyosema. Mzee aliweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, akapenyeza kipimo chembamba. Mwisho unaovumilika ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Yetu ilizidi hiyo, lakini si kwa mengi, wala haikuwa na ufa.

Hapo palibaki shauri moja. Viti vya valvu vya hedi hizi za zamani vilitengenezwa zama za petroli yenye risasi. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba imekwisha kutumika kwa magari duniani kote. Mzee alishauri vitiwe viti vigumu maadamu hedi iko nje. Hilo halikuwa deni langu, ulikuwa uzee wa gari. Tulikumbuka neno la maalim. Gharama ya viti tukaigawanya kwa mafungu yale yale ya mirathi, na mama akatoa thumni yake kwa fedha za mkononi, akihesabu shilingi kwa shilingi.

Hivi sasa ninapoandika, hedi iko kwa mkereza mwangalifu. Atainyoosha kwanza kwa joto na mkandamizo, halafu atausugua uso kwa kiasi kidogo tu, na kemshafti itapimwa hadi izunguke kwa mkono bila kukwama. Kuta za silinda tumezipaka oili na kuzifunika. Rejeta imeshakuwa tayari, na maji yake yanangoja katika dumu, ya mvua. Gari likisimama tutalithaminisha, tutaamua kuliuza au mmoja wetu awalipe wenzake, na kila mwenye haki apewe haki yake. Safari hii hatutasema "baadaye."

Ndugu msomaji, pengine kwenu hakuna gari la mbio. Lakini kuna shamba, au duka, au mashua, au cherehani ya marehemu iliyokaa pembeni ikingoja mtu wa kwanza atakayeichukua bila kuuliza. Igaweni mali hiyo mapema, na kama marehemu aliacha maandishi, tafuteni anayeweza kuyasoma.

Jana usiku dada aliniletea lile daftari na kalamu. Ukurasa wa mwisho wa baba una mstari mmoja wa mwaka 2020, oili na maili, basi. Nilimwambia aandike yeye, ana mwandiko mzuri. Alikataa. "Baba aliandika makosa yake mwenyewe," alisema, "na wewe andika lako." Nikakaa chini ya taa, nikaandika kwa herufi za Kiarabu, polepole kama mtoto wa chuoni: tarehe, maili, mlima wa Mazeras, maji ya kisima. Chini yake nikatia jina langu.